Siku 80 za dada yangu, na saa iliyomo ndani ya mionzi

Dada yangu alinyimwa mkono. Naanzia hapo maana hapo ndo kila kitu kilianza kwangu.

Kuna jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, mtu mwema kabisa, alikuja kumjulia hali baada ya kusikia kwamba alilazwa akapewa dawa ya mionzi. Akasimama mlangoni. Dada akamwamkia, akanyoosha mkono, yule mama akairudisha mikono yake nyuma akasema, "Mwanangu, tutashikana mikono ukishapona." Sasa hii haikuwa wiki ya kwanza wala ya pili, ilikuwa inakaribia miezi mitatu tangu ameze ile dawa. Dada akatabasamu mbele yake, mgeni alivyoondoka akaingia chumbani akajifungia akalia. Na mi nikabaki nimekaa pale sebuleni sina la kusema, kwa sababu ukweli ni kwamba sikuwa na uhakika kama yule mama kakosea.

Ndo nikaanza kusoma, na sijaacha mpaka leo.

Kwanza niwaeleze ugonjwa wenyewe. Tezi ya shingoni, thairoidi, ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Amekaa tu kwenye kiti lakini moyo unamwenda mbio kama mtu aliyepanda ghorofa kumi, mikono inatetemeka mpaka akishika kikombe kinamgonga meno, usingizi hamna, mwili unakwisha. Vidonge alikunywa zaidi ya mwaka havikutuliza vya kutosha. Daktari akasema sasa twende kwenye iodini 131.

Siku ya siku nilikuwa nje ya mlango wenye kioo, namwona. Akaingia mtaalamu ameshika kichombo cha madini ya risasi, kidogo lakini unaona kabisa kwa jinsi anavyokibeba kwamba kina uzito usiolingana na udogo wake. Akafungua, ndani kuna kidonge cha kapsuli kama kapsuli yoyote ile ya antibayotiki. Dada akaimeza na maji. Yule mtaalamu akarudi nyuma hatua kadhaa, akapima na kimashine chake, akaandika namba, akatoka. Basi. Haikufika hata dakika tano.

Ujanja wote wa tiba hii uko kwenye tabia moja ya mwili: thairoidi ndo inayokusanya iodini, na inaikusanya kwa uchu, kwa sababu inaihitaji kutengeneza homoni zake. Mwili hauna namna ya kujua kwamba hii ni iodini ya kawaida na hii nyingine ina mionzi, kikemia ni kitu kilekile. Kwa hiyo ukimeza, inasafiri kwenye damu na sehemu kubwa inaenda kukaa palepale penye tatizo, alafu inatoa chembe za beta ambazo ndani ya nyama zinafika milimita moja au mbili tu zinaishiwa nguvu. Yaani inaunguza seli za tezi, majirani zake inawaacha karibu salama. Hakuna kisu. Daktari Saul Hertz alimpa mgonjwa wa kwanza iodini ya mionzi kule Boston mwaka 1941, na mpaka leo wazo ni lilelile.

Lakini pamoja na beta inatoka pia mionzi ya gama, na gama hiyo inapenya mwili inatoka nje, ndo maana anatengwa. Hospitali, ambayo siitaji, ilimpa karatasi ya nusu ukurasa: usikae karibu na watoto wala wajawazito, lala peke yako, ukitoka chooni vuta maji mara 2. Ni maelekezo sahihi kabisa, ila hakuna mtu aliyemweleza kwa nini, na hakuna aliyemwambia inaisha lini kwa namna ambayo angeweza kumweleza mtu mwingine. Mwanae alikuwa na miaka miwili, nilimchukua mimi, kila jioni analia anamtaka mama yake na mama yake yuko nyumba ya pili. Hicho kipengele cha "inaisha lini" ndo kilikuwa kitu kimoja tulichokihitaji kuliko vyote.

Na jibu lipo, tena ni hesabu ya darasa la tano. Kila isotopu ya mionzi, yaani kila aina ya atomu inayotoa mionzi, ina kitu kinaitwa nusu-maisha, muda ambao nusu ya atomu zake zinakuwa zimeshabadilika na kuacha kuwa zile za mwanzo. Ya iodini 131 ni siku 8. Siku ya 8 imebaki nusu, siku ya 16 robo, siku ya 24 moja ya nane, endelea hivyohivyo ukigawa kwa mbili, ukifika siku ya 80 umegawa mara kumi na imebaki moja ya 1,024. Na hapo sijahesabu kwamba sehemu kubwa ya dozi ilishatoka na mkojo siku zile za mwanzo. Yule mama alipoificha mikono yake, dada alikuwa kwenye siku ya 80 hivi. Mkono ule haukuwa na kitu cha kumdhuru mtu yeyote.

Nilivyoielewa hii hesabu ndo nikaona kwamba matumizi yote ya mionzi, hospitalini, kiwandani, hata kwa wanaochimba mifupa ya kale, yamejengwa juu ya kitu hichohicho. Ni saa. Saa ambayo ukiichemsha haiharakishi, ukiigandisha haichelewi, ukiitia asidi haijali, na kila isotopu ina mwendo wake. Kazi ya mtaalamu ni kuchagua saa inayolingana na kazi yake.

Chukua teknesiamu 99m, hii ndo farasi wa kazi wa vipimo vya nyuklia, inatumika kwenye sehemu kubwa sana ya vipimo hivyo duniani, mamilioni kwa mamilioni kila mwaka. Nusu-maisha yake ni masaa 6. Ni muda wa kutosha kumchoma mgonjwa sindano, kusubiri dawa isambae kwenye mifupa au moyo au figo, na kumlaza chini ya kamera inayoona gama ikitoka mwilini mwake. Kesho yake muda kama ule, masaa 24, imebaki moja ya kumi na sita. Ingekuwa dakika 6 usingewahi kupiga picha, ingekuwa miaka 6 ungembebesha mgonjwa mzigo bila sababu.

Sasa utauliza, kitu kinachokwisha kwa masaa kinafikaje hospitali iliyo mbali na kinu cha nyuklia? Hapa ndo kuna kitu nilipenda mno. Hawasafirishi teknesiamu, wanasafirisha mzazi wake, molibdenamu 99, yenye nusu-maisha ya masaa 66. Inakaa kwenye kichombo chenye kinga ya risasi, na kadiri atomu zake zinavyobadilika inazaa teknesiamu humohumo ndani. Asubuhi mhudumu anapitisha maji ya chumvi, yanashuka na teknesiamu, molibdenamu inabaki imeshikilia ndani. Kesho yake imezaa tena, anapitisha tena. Wenyewe wanakiita ng'ombe, na ile kazi wanaita kukamua. Ilibuniwa kwenye maabara ya Brookhaven kule Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950.

Tatizo ni kwamba ng'ombe huyu anazeeka. Baada ya wiki moja imebaki kama asilimia 17 tu ya molibdenamu, kwa hiyo kila wiki lazima aje mwingine, na hakuna ghala duniani linaloweza kuweka akiba. Mei 2009 kinu cha Chalk River nchini Kanada kilisimamishwa kwa sababu ya kuvuja, kikakaa zaidi ya mwaka bila kufanya kazi, na kile cha Petten kule Uholanzi nacho kikasimama kwa matengenezo katika kipindi hichohicho. Vinu vyenyewe vilivyokuwa vinatengeneza molibdenamu kwa wingi vilikuwa vya kuhesabika kwenye vidole, na vikongwe. Vipimo vikaahirishwa nchi nyingi. Watu tunazungumzia uhaba wa dawa kama suala la pesa na usafiri, hii ilikuwa ni uhaba wa kitu ambacho hata ukiwa na pesa zote huwezi kukinunua mwezi huu ukakitunza mpaka mwezi ujao.

Kobalti 60 ina saa ya aina nyingine, miaka 5.27. Hiyo ilianza kutumika kutibu kansa kwa mionzi mikali kutoka nje ya mwili mwaka 1951 huko Kanada, mashine ambayo kichwani ina kipande cha chuma cha kobalti kinachotoa gama mfululizo, haihitaji umeme kutengeneza mionzi yake, unafungua dirisha la risasi inatoka unafunga inakatika. Kila mwaka inapungua kama asilimia 12. Ikizeeka, mgonjwa aliyekuwa analala pale dakika mbili sasa inabidi alale nne ili apate dozi ileile, na foleni nje inarefuka. Mgonjwa akiambiwa mashine imechoka, mara nyingine maana yake ni hii, hakuna kilichoharibika, ni saa tu imekwenda.

Kobalti hiyohiyo, kwa wingi mkubwa zaidi, inatumika kuua vijidudu kwenye mabomba ya sindano, glovu za upasuaji, nyuzi za kushonea. Uzuri wake ni kwamba vitu vinapitishwa vikiwa vimeshafungwa kwenye pakiti na maboksi yake, gama inapenya boksi zima. Na hapana, sindano haibaki na mionzi, kama vile chumba hakibaki na mwanga ukishazima taa. Hili swali nimeulizwa na watu wengi sana kwa hiyo nalijibu moja kwa moja.

Upande wa viwanda nina kitu nilichokiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa kabla ya ugonjwa wa dada niliwahi kuwa msaidizi wa mafundi wa kuchomelea mabomba makubwa. Kila baada ya siku kadhaa, usiku, walikuja watu wawili na kisanduku chenye mpini, ukikinyanyua kidogo hivyo kinakuvuta bega. Wanazungushia kamba eneo lote, wanaweka taa na vibao, sisi wote tunafukuzwa mbali. Mmoja anaunganisha waya mrefu nyuma ya kisanduku, mpira mwingine mbele unaelekea kwenye mshono wa bomba ambako wameshaufunga na filamu, alafu anarudi mpaka mwisho wa waya na kuanza kuzungusha mkono wa chuma kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Wenzangu walikuwa wanasema wale jamaa wanacheza na kifo. Mi nikawa naamini.

Kumbe mle ndani kuna kipande cha iridiamu 192, kidogo kuliko punje ya mahindi, na kisanduku kina uzito kwa sababu ya kinga, mara nyingi urani iliyopunguzwa nguvu, ambayo ni nzito kuliko risasi. Akizungusha mkono kile kipande kinasukumwa kwenye mpira mpaka kwenye mshono, kinakaa pale dakika chache, gama inapita kwenye chuma inachora kwenye filamu, akizungusha kinyume kinarudi ndani. Asubuhi msimamizi alikuwa anainua filamu kwenye taa, na pale penye kitundu cha hewa ndani ya mshono, ambacho hakuna jicho lingekiona kwa nje, panaonekana doa jeusi. Mshono ule unakatwa unarudiwa. Bomba la gesi lililopasuka linaua watu wengi kwa mara moja, na watu wawili kwenye giza na kile kisanduku ndo waliokuwa wanazuia hilo. Walikuwa wanakaa mbali kwa sababu umbali ni kinga yenyewe: ukiongeza umbali mara mbili mionzi inayokufikia inashuka mpaka robo. Na iridiamu ina nusu-maisha ya siku 74 tu, kwa hiyo hata wao wanabadilisha chanzo mara kwa mara.

Viwandani kuna mengine mengi nitayapitia haraka. Karatasi inapokimbia kwenye mashine, upande mmoja wanaweka chanzo cha beta na upande wa pili kipimo, karatasi ikinenepa beta zinazopita zinapungua, mashine inajirekebisha bila mtu kugusa. Matangi ya vitu vya moto au sumu yanapimwa yamejaa kiasi gani kwa gama ya sizi 137 inayokatiza tangi zima. Na kile kitambua moshi cha darini, kwenye baadhi ya aina, kina chembe ya amerisi 241, nusu-maisha miaka 432. Chembe za alfa zinazotoka humo zinaichaji hewa kati ya vibati viwili na umeme mdogo unapita, moshi ukiingia umeme unayumba na kengele inalia. Alfa inazuiwa hata na karatasi moja, kwa hiyo ikiwa juu kule haikufikii. Usikifungue tu.

Kwa sababu hatari ipo, na siandiki haya kuificha. Septemba 1987, mji wa Goiânia, Brazili. Kliniki ilihama ikaacha nyuma mashine ya tiba yenye sizi 137. Watu wawili wakaingia kwenye lile jengo bovu, wakachomoa kichwa cha mashine wakidhani ni chuma cha kuuza, kikafika kwa mwenye skrepa. Ndani kulikuwa na unga unaong'aa bluu gizani. Ukapendeza. Watu wakagawiana, wakajipaka, mtoto wa miaka sita akaushika huku anakula. Mke wa mwenye skrepa ndiye aliyegundua kwamba watu wote wa pale wanaumwa kwa pamoja, akasema ni kile kitu, na kikapelekwa kwenye ofisi ya afya, ndani ya begi, kwenye basi la abiria. Aliokoa watu wengi kwa kufanya hivyo. Yeye alikufa, na yule mtoto, na wengine wawili. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa uwanjani na 249 walikutwa wamechafuliwa na ule unga.

Sizi ina nusu-maisha ya miaka 30, na ile ilikuwa chumvi, inayeyuka na kusambaa kirahisi. Isotopu iliyofaa kwa kazi yake, ikaachwa bila mwenyewe. Na alama ile ya mionzi, ya majani matatu, watu hawakuijua, ndo maana mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitoa alama nyingine ya kuongezea, nyekundu, yenye fuvu na mtu anayekimbia, ambayo haihitaji kusoma popote.

Nirudi kwenye saa, maana kuna watu wanaoitumia kama saa hasa. Kaboni 14 inatengenezwa juu angani kila siku, mionzi kutoka anga za mbali inapogonga naitrojeni. Mimea inaivuta, wanyama wanakula mimea, sisi tunakula wote. Ni kidogo mno, kama atomu moja kwa kila atomu trilioni za kaboni, lakini ukiwa hai unaijaza kila siku inapopungua. Ukifa unaacha kujaza, na saa ya miaka 5,730 inaanza kukata. Willard Libby na wenzake wa Chicago waliing'amua hii mwishoni mwa miaka ya 1940, wakaijaribu kwenye mbao za makaburi ya mafarao ambazo umri wake ulishajulikana kwa historia, ikalingana, na mwaka 1960 akapewa Nobel. Mwaka 1991 wapanda milima wawili walikuta maiti kwenye barafu mpakani mwa Austria na Italia, wakadhani ni mwenzao wa miaka ya karibuni aliyepotea. Kaboni ikasema miaka zaidi ya 5,000. Sanda ya Turin, kitambaa ambacho wengi wanaamini Yesu alizikwa nacho, mwaka 1988 ilipimwa na maabara tatu tofauti, zote zikaangukia kati ya 1260 na 1390.

Ikipita miaka kama 50,000 kaboni inakuwa imebaki kidogo mno, unahitaji saa ndefu zaidi. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata Mary Leakey pale Olduvai, Tanzania, Julai 1959 halikupimwa lenyewe, yalipimwa majivu ya volkano yaliyokuwa pamoja nalo. Potasi 40 ina nusu-maisha ya miaka bilioni 1.25 na inazaa gesi ya agoni. Volkano inapolipuka gesi yote ya zamani inatoka, madini yakipoa saa inaanza upya kutoka sifuri, agoni mpya inabaki imenaswa. Ukihesabu agoni umejua lini ule mlima uliwaka. Mwaka 1961 wakatangaza: miaka milioni 1.75. Ilikuwa mara kadhaa ya walivyokuwa wamekisia. Nikifikiria kwamba habari za ndugu wa kale wa babu zetu zilitunzwa na gesi iliyofungiwa ndani ya punje ya jivu, nasisimka mwili.

Na kuna hii ya pembe za ndovu, ambayo sikuitegemea kabisa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia hewani yaliongeza kaboni 14 angani mpaka karibu mara mbili kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, yalipopigwa marufuku mwaka 1963 ikaanza kushuka taratibu. Kwa hiyo kila kiumbe kilichoishi tangu wakati ule kina alama ya mwaka wake. Wafanyabiashara walikuwa wanasema pembe zao ni akiba ya zamani, halali. Watafiti wakapima pembe zilizokamatwa, wakachapisha mwaka 2016: kama asilimia 90 zilitoka kwa ndovu waliokufa ndani ya miaka mitatu tu kabla ya kukamatwa. Uchafu wa mabomu ukageuka shahidi wa ndovu.

Dada yuko vizuri sasa. Thairoidi yake iliunguzwa mpaka haitengenezi homoni za kutosha, jambo ambalo huwapata wengi baada ya tiba hii na sikulijua kabla, kwa hiyo kila asubuhi akiamka anameza kidonge cha thairoksini na atakimeza maisha yake yote. Moyo umetulia. Kikombe hakigongi meno.

Mwaka huu yule mama jirani akaandikiwa kipimo cha mifupa, kile cha teknesiamu. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti kilekile cha karibu na mlango, ana hofu kubwa, ana wajukuu wawili wanaolala naye. Akamuuliza dada, mwanangu, nitakaa mbali nao muda gani. Dada akaenda kukaa pembeni yake kabisa, akachukua kalamu na karatasi, akaanza kumchorea. "Sindano saa tatu asubuhi, mama. Saa tisa mchana imebaki nusu. Saa tatu usiku robo. Wewe kunywa maji mengi, nenda chooni mara kwa mara. Kesho yake saa tatu asubuhi ni moja ya kumi na sita." Yule mama akaiomba ile karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba pamoja na barua ya daktari.